Mirathi ya Damu: Wasia kwa Wazazi na Wachumba wa Migori na Homa Bay

Mtoto anapougua mara kwa mara, akavimba vidole vya mikono na nyayo kabla hajatimiza mwaka, macho yakaingia umanjano, na kilio chake cha maumivu kisitulizwe na ziwa la mama wala na kubembelezwa, lawama haikawii kumtafuta mwanamke. Katika vijiji vya Nyatike na Uriri, na katika vile vya Ndhiwa, Rangwe na Mbita, ziko nyumba ambamo mke amerudishwa kwao, au ameambiwa kwamba ameingiza damu mbaya katika ukoo wa watu, au ametakiwa ataje mwiko alioukiuka hata chira, yaani laana ya kukiuka mwiko, ikamshukia mtoto. Na mume, ambaye nusu kamili ya jambo hilo imetoka kwake, hukaa kimya akihesabiwa kuwa ni mdhulumiwa.

Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza wazazi na wachumba wa kaunti hizi mbili kanuni za urithi wa maumbile kwa kadiri zinavyohusu maradhi hayo, ambayo katika Kiswahili cha madaktari huitwa selimundu na ambayo wengi kando ya ziwa huyataja kwa jina la siko seli, ili kila mmoja aweze kufanya hesabu yake mwenyewe, kwa insafu, ajue ni kipi kilichotoka kwa baba na ni kipi kilichotoka kwa mama.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sifa zile za mwili zinazorithiwa huongozwa na jeni, nazo jeni hukaa jozi jozi, moja imetoka katika mbegu ya baba na ya pili katika yai la mama. Ziko sifa, kama vile kimo na rangi ya ngozi, ambazo jeni nyingi hushirikiana kuzifanya, tena lishe na malezi hutia mkono, na kwa hiyo hakuna awezaye kuzitabiri kwa yakini; lakini ziko nyingine ambazo jozi moja peke yake hutosha kuziamua, na selimundu ni katika hizo. Katika kuzaa, kila mzazi hutoa moja tu ya zile mbili alizonazo, wala hana hiari ya kuchagua ipi itoke na ipi ibaki.

Mtu wa kwanza kuithibitisha kanuni hii kwa hesabu alikuwa mtawa, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya nyumba ya watawa mjini Brno, akaoanisha mimea ya mbegu za mviringo na mimea ya mbegu zenye mikunjo. Kizazi cha kwanza kilitoka chote mviringo, hata mtu angalidhani kwamba mikunjo imetoweka kabisa. Lakini alipokiacha kizazi hicho kizaane chenyewe kwa chenyewe, mikunjo ilirejea, na katika mbegu 7,324 alizozihesabu, 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zilikuwa na mikunjo, yaani takriban tatu kwa moja. Habari hiyo aliisoma mbele ya wanachuoni wa mji wake mwaka 1865, ikapigwa chapa mwaka uliofuata, kisha ikasahauliwa hata mwaka 1900, na mwenyewe alikwisha kufariki tangu 1884. Katika njegere hizo limo jawabu la swali linalovunja ndoa za watu Migori leo: sifa yaweza kufichika katika baba mzima na mama mzima, kisha ikadhihiri katika mtoto wao.

Kabla ya kuendelea yafaa tuyaondoe njiani mambo mawili ambayo hudhaniwa kuwa ni urithi nayo sio. La kwanza ni yale yanayompata mtu baada ya kuzaliwa. Waluo wa zamani, vizazi kwa vizazi, waliwang'oa vijana wao meno sita ya mbele katika taya la chini, iwe alama ya kuingia utu uzima. Na pamoja na desturi hiyo iliyodumu muda mrefu sana, kila mtoto aliyezaliwa Karachuonyo au Kanyamkago aliota meno yake yote kamili, kwa sababu koleo la mng'oaji lilifika katika taya na halikufika katika jeni. Vivyo hivyo, kazi aliyoifanya mama, hofu aliyoipata, maneno aliyotamkiwa na mtu mwenye kinyongo, hakuna hata moja katika hayo linaloweza kuiandika jeni ya selimundu katika damu ya mwanawe.

La pili ni ambukizo. Virusi vya ukimwi, ambavyo vimeihuzunisha Homa Bay kuliko kaunti nyingi za Kenya, huweza kumpata mtoto tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya, nalo ni ambukizo la kutoka mwili hadi mwili, ambalo dawa zikitumiwa barabara huzuilika. Selimundu haiambukizi kwa kunyonyesha wala kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kula sahani moja. Sisemi haya kwa kuwadharau wazee wanaoiogopa chira, maana mila hiyo imelinda adabu za ndoa na heshima ya mji kwa miaka mingi. Nasema tu kwamba katika maradhi haya chira haina mkono, na mama anayelazimishwa kukiri kosa asilolitenda anadhulumiwa mara mbili, kwa ugonjwa wa mwanawe na kwa ulimi wa jamaa zake.

Sasa tuitazame damu yenyewe. Wekundu wake umetokana na himoglobini, ambayo kazi yake ni kuichukua hewa ya oksijeni mapafuni na kuifikisha kila pembe ya mwili, ikiwa imehifadhiwa ndani ya chembe nyekundu, laini na za mviringo, ziwezazo kupenya katika mishipa iliyo myembamba mno. Kwa mwenye selimundu, himoglobini ikiisha kuiacha oksijeni hugandamana, chembe ikajikunja mfano wa mundu, ikawa ngumu. Hapo mishipa huziba, na sehemu ya mwili iliyokosa damu hulia kwa maumivu. Chembe iliyo nzima huishi siku 120 hivi, na iliyopindika aghalabu haivuki siku 20, ndiyo sababu mgonjwa huwa na upungufu wa damu na macho ya manjano. Daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za chembe hizo mwaka 1910, alizoziona katika damu ya kijana mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 James Neel wa Marekani, na E. A. Beet aliyekuwa akifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kila mmoja kwa utafiti wake, walidhihirisha kwamba mgonjwa ni yule aliyeirithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili. Vernon Ingram wa Cambridge aligundua mwaka 1956 kwamba tofauti yote kati ya himoglobini nzima na ile ya mgonjwa, pamoja na mateso yake yote, ni ya kiungo kimoja tu, cha 6, katika mnyororo wa himoglobini wenye viungo 146.

Wataalamu huiita jeni ya kawaida A, na ile ya selimundu S. Aliyepata A kwa baba na A kwa mama ni AA, wala hana neno. Aliyepata A kwa mmoja na S kwa mwingine ni AS. Huyo ni mchukuzi, si mgonjwa, atalima na kuvua na kusoma na kuzeeka kama wenzake, na huenda asijue maisha yake yote kwamba ameibeba. Aliyepata S kwa wote wawili ni SS, na huyo ndiye mgonjwa.

Basi mume wa AA akioa mke wa AS, hakuna hata mtoto mmoja atakayekuwa SS, ijapokuwa kila mtoto ana nafasi moja katika mbili ya kuwa mchukuzi kama mama yake. Mgonjwa wa SS akioana na mtu wa AA, watoto wote watakuwa AS, na hakuna mgonjwa. Jambo hili nalitaja makusudi kwa sababu wako vijana wenye selimundu walioambiwa kwamba wasithubutu kuoa wala kuolewa. Akioana na wa AS, nusu ya nafasi ni SS. Penye msiba aghalabu ni pale wachukuzi wawili, wazima wote, wanapokutana: katika kila mimba, nafasi moja katika nne ni ya AA, mbili katika nne ni za AS, na moja katika nne ni ya SS.

Nimesema katika kila mimba, nami naomba maneno hayo yazingatiwe, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Si kwamba katika watoto wanne mmoja atakuwa mgonjwa na watatu wamesalimika, wala mgonjwa akiisha kuzaliwa haina maana kwamba fungu la msiba limekwisha kulipwa. Kama vile shilingi iliyotupwa juu isivyokumbuka ilianguka upande gani mara ya kwanza, ndivyo kila mimba inavyoanza upya na nafasi zile zile. Nyumba moja ya wachukuzi yaweza kujaaliwa watoto sita wote wazima, na nyumba ya jirani, yenye damu ile ile, ikapata wagonjwa watatu mfululizo. Na hao wa kwanza hawana fadhila, wala hao wa pili hawana dhambi.

Na yule mume asemaye kwamba kwao hakuna ugonjwa huo, na kwa hiyo umetoka kwa mke, na afikiri. Jeni ya S yaweza kushuka kutoka kwa babu hadi kwa baba na kutoka kwa baba hadi kwake, kila mmoja akiwa AS na mzima wa afya, pasiwe na mgonjwa hata mmoja katika nasaba, mpaka siku atakapooa mchukuzi mwenziwe. Tena zamani, kabla ya hospitali kuenea, watoto wa SS walifariki wadogo, wakahesabiwa kuwa wamekufa kwa homa, na ukoo ukabaki ukiamini kwamba damu yake ni safi.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini mzigo huu umetulia kando ya ziwa letu, usiwe Nyeri au Kisii? Jawabu lilipatikana hapa hapa Kenya. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kulelewa katika nchi hii, alifuatana mwaka 1949 na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali, akakuta kwamba karibu na pwani na karibu na ziwa Victoria wachukuzi walizidi 20 katika kila 100, ilhali katika nyanda za juu hawakufika hata 1. Akafahamu kwamba ramani ya S ni ramani ya malaria. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1954, wanaume Waluo 30 walikubali kutiwa vijidudu vya malaria, 15 kati yao wakiwa wachukuzi na 15 wakiwa hawana S: katika wasiokuwa nayo walishikwa 14, na katika wachukuzi walishikwa 2. Siku hizi jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa bila ya masharti makali, na ni haki tukumbuke kwamba ilimu inayosomeshwa leo katika vyuo vya udaktari vya dunia nzima ilitoka katika miili ya watu wa Nyanza.

Maana yake ni kwamba mwenye AS alikuwa na kinga dhidi ya malaria ile kali iliyowaua watoto wenziwe, akaishi, akazaa, akairithisha S yake. Na bei ya kinga hiyo wameilipa watoto wa SS. Yeyote anayemwita mchukuzi kuwa ana damu mbaya na ajue kwamba huenda yeye mwenyewe asingalizaliwa lau babu zake wasingalikuwa na damu hiyo. Lakini mchukuzi asighurike akatupa chandarua, maana kinga yake si kamili. Na mgonjwa wa SS ndiye malaria humdhuru kuliko wote. Chanjo ya malaria iliyozinduliwa Kenya Septemba 2019, katika kaunti hii hii ya Homa Bay, huko Ndhiwa, asinyimwe mtoto yeyote, seuze mtoto wa selimundu.

Liko pia neno la wazee kwamba Waluo hawaoi ndani ya ukoo, basi ugonjwa wa urithi utaingiaje? Katazo hilo lina hekima, na kwa maradhi ambayo jeni yake ni adimu humkinga mtu kweli, kwa sababu jeni adimu hukutana na mwenziwe hasa pale ndugu wanapooana. Ila S si adimu kwetu. Tukichukua kwamba mtu 1 katika kila 5 ni mchukuzi, kiasi kisicho mbali na alichokikuta Allison, basi mume na mke wasiojuana kwa nasaba wala kwa kijiji, mmoja wa Muhuru na mwingine wa Oyugis, wana nafasi moja katika 25 ya kuwa wachukuzi wote wawili, na mtoto 1 katika kila 100 atazaliwa na SS. Umbali wa koo hauondoi hesabu hiyo. Kinachoiondoa ni kipimo.

Kipimo, basi. Kipo cha haraka ambacho huonyesha tu kwamba S imo katika damu, lakini hakiwezi kupambanua kama ni AS au SS, na watu wazima kadhaa wametiwa hofu bure kwa kuambiwa wana selimundu ilhali ni wachukuzi. Ukipata jibu la kipimo hicho, usitosheke. Uliza ni wapi panapofanywa kipimo kinachozitenga aina za himoglobini, na kama hakipo katika kituo cha karibu, omba uelekezwe katika hospitali za rufaa za Homa Bay mjini au Migori mjini. Mtoto aliyeongezewa damu karibuni asipimwe mpaka ipite miezi mitatu hivi, kwa kuwa damu ya mtu mwingine iliyomo mwilini mwake huweza kulipotosha jibu. Na ikiwa majibu ya baba na mtoto hayaelekei kuafikiana, kipimo kirudiwe kwa utulivu na kwa siri kabla mtu hajafungua kinywa kumtuhumu mkewe, kwa maana makosa ya maabara hutokea, na neno likiisha kutoka halirudi.

Wachumba na wapimwe kabla ya harusi. Wachungaji na mapadre wengi wamezoea kuwahimiza wachumba wajue hali zao za ukimwi. Nawasihi waongeze na hili. Wakikutwa wote wawili ni AS, isidhaniwe kwamba ndoa imeharamishwa. Wameelimishwa, na uamuzi ni wao: wako watakaoachana kwa heshima, wako watakaooana wakaridhika na watoto wachache, na wako watakaozaa huku wakijua kwamba kila mtoto lazima apimwe mara baada ya kuzaliwa. Jambo moja tu silikubali, nalo ni wazazi kuwaamulia kwa amri au mahari kurejeshwa kwa matusi.

Na mtoto akiisha kujulikana kuwa ni SS, asihesabiwe maiti. Himoglobini ya tumboni humhifadhi miezi ya mwanzo, na dalili huanza kuonekana anapokaribia nusu mwaka, kwa hiyo aliyepimwa mapema huwahiwa. Apewe penisilini kila siku hata atimize miaka mitano, kama daktari atakavyoagiza. Apewe foliki asidi na dawa ya kuzuia malaria. Chanjo zake zote zitimizwe, hasa ile ya nimonia. Alale ndani ya chandarua. Anywe maji mengi. Dawa za madini ya chuma asipewe kwa kubahatisha. Mama afundishwe kulipapasa tumbo chini ya mbavu za kushoto, ambapo wengu ukivimba ghafla, mtoto akapauka, ni hatari ya saa, si ya siku. Homa kwake si jambo la kungojea asubuhi. Wala udhaifu wa upande mmoja wa mwili si wa kungojewa, maana ni dalili ya kiharusi hata kwa mtoto mdogo. Akikua, asipelekwe kuvua omena usiku katika baridi ya ziwa, wala kushushwa katika mashimo ya dhahabu ya Macalder. Atafutiwe kazi ya fundi, ya ualimu, ya ofisi, na shuleni mwalimu aarifiwe ili asimnyime ruhusa ya kunywa maji na kwenda msalani.

Iko dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo huirejesha kwa kiasi ile himoglobini ya tumboni, ikapunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kiafrika katika nchi nne, Kenya ikiwamo kwa kituo cha Kilifi pamoja na Uganda, Kongo na Angola, na matokeo yake, yaliyotangazwa mwishoni mwa 2018, yalionyesha kwamba ni salama kwao, na hata malaria ilipungua. Yahitaji kupimwa damu mara kwa mara na kumezwa kila siku bila kukatizwa. Tiba za kuirekebisha jeni yenyewe ziliidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, lakini gharama yake haijawa ya mtu wa Rongo wala wa Kendu Bay, na atakayekuja kukuuzia tiba kama hiyo sokoni ni mlaghai.

Baba wa mtoto mgonjwa, kabla hujampeleka mkeo kwa wazee, fuatana naye kliniki, mnyooshee mpimaji mkono wako uwe wa kwanza kutolewa damu, na jibu litakaposomwa uwe umekaa kando ya mama wa mtoto wako.